Toleo jipya lipite mlangoni

Tangu printa mpya ya pale steshenari kwa dada igome kuongea na laptopu, nimepokea ushauri mwingi kuliko salamu. Mjomba kasema Linux ni kompyuta ya watu wasio na hela. Binamu kasema niwarudishie Windows yao, yaishe. Fundi wa jirani, ambaye simjui kwa sura ila namheshimu kwa sababu ndiye anayekimbiliwa kila kitu kikizima, kasema: ingia kwenye tovuti, shusha programu yenyewe, iendeshe, kazi imekwisha. Leo nataka kubishana na fundi. Mjomba na binamu tutamalizana kwenye simu, wao hawana madhara. Fundi ana hoja, ndiyo maana ni hatari.

Kwa ambao hamkufuatilia: laptopu ile niliituma mwaka 2024. Hapa Birmingham mashine za aina hiyo zinauzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu Windows 11, tangu ilipotoka mwaka 2021, inakataa prosesa za zamani na mashine zisizo na chipu ya TPM 2.0. Mashine ni nzima, kioo hakina ufa, betri inakaa, lakini imeshapewa uzee kwa lazima. Nikaiwekea Debian 12, ambayo imeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Nilitaka kitu kitulivu, maana mwenye nayo yuko Tanga na mimi niko huku, na hakuna basi la kunileta nibonyeze kitufe.

Sasa utulivu una bei yake. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023, lakini milango yake ilianza kufungwa tangu Januari mwaka huo. Kila programu ilibaki na toleo ililokuwa nalo wakati mlango unafungwa, na baada ya hapo kinachoingia ni marekebisho ya kasoro tu. Programu inayoendesha printa za HP kwenye Linux inaitwa HPLIP, na iliyomo ndani ya Debian 12 ni toleo la 3.22.10. Ndani yake kuna faili moja refu, models.dat, lenye orodha ya printa zinazofahamika. Printa iliyoundwa baada ya orodha kuandikwa haimo, basi. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Printa nyingi za siku hizi hazihitaji hata programu ya kuziendesha, zinajieleza zenyewe kwa utaratibu uitwao IPP Everywhere, lakini ya dada ni ile ya bei nafuu ya waya wa USB, haina maneno hayo. Na huko kwenye chanzo, waandishi wa HPLIP walishatoa matoleo mengine kadhaa. Ubuntu iliyotoka Aprili 2024 ilikuja na 3.23.12.

Kwa hiyo dawa ipo, inaitwa toleo jipya zaidi. Ubishi wangu na fundi ni juu ya njia ya kuliingiza.

Nyote mnajua pale stendi ya Kange. Ukitaka kutuma mzigo Dar, una njia mbili. Ya kwanza unakwenda ofisi ya basi, mzigo unafungwa, unaandikwa jina la anayetuma na anayepokea, namba ya simu, unapewa risiti, na nakala inabaki kwenye daftari. Ya pili unasimama barabarani, basi linapunguza mwendo, unamrushia konda mfuko na elfu mbili, unamwambia "mpe kaka pale Mbezi". Mara nyingi mfuko unafika, na unafika haraka kuliko ule wa ofisini. Siku usipofika, nenda kamuulize nani?

Mashine ya Linux ina daftari kama la ofisi ya basi. Kila programu inaingia ikiwa imefungwa kwenye kifurushi, na daftari linajua kila faili limetoka kifurushi gani, toleo gani, linategemea nini. Ndiyo maana unaweza kusema "ondoa hiki" kikaondoka chote, kisibaki hata unywele. Njia ya fundi ni ya konda. Unashusha programu, unaiendesha kwa mamlaka yote ya mwenye mashine, inamwaga mafaili yake inakotaka, na daftari halijui kitu. Printa inafanya kazi siku hiyohiyo, nakubali. Halafu siku nyingine mashine inajisasisha kama kawaida, daftari linaona HPLIP yake halali ina marekebisho, linaandika juu ya nusu ya mafaili, nusu nyingine inabaki ya fundi. Hapo una mashine yenye vichwa viwili. Na itatokea lini? Itatokea wiki ya fomu za Bodi ya Mikopo, watoto wamejipanga mpaka nje, kila mmoja anataka kuchapisha fomu akaigongeshe muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa kisha airudishe skanwe. Dada atafunga duka siku mbili, na fundi atasema Linux ndiyo zake.

Njia ninayoitetea mimi inaonekana ndefu, ila ukiifungua utaona si ndefu hivyo. Kila kifurushi cha Debian kinatengenezwa kwa skripti ya kufungashia, na skripti hiyo haifichwi, mtu yeyote anaichukua. Ni folda moja iitwayo debian ndani ya chanzo cha programu. Kuna faili linalosema kifurushi kinaitwa nani na kinahitaji nini. Kuna faili la rules, ambalo ndilo mpishi mwenyewe: kanda hivi, chemsha hivi, pakua kwenye sahani hii. Kuna changelog, kumbukumbu ya kila aliyegusa, lini na kwa nini. Na kuna folda ya viraka, yaani marekebisho madogo ambayo Debian wanayashona juu ya programu kabla ya kuifunga. HPLIP ina makumi ya viraka hivyo. Mtu wa kwanza kusema Linux ni ya bure namwomba aende akavisome aone watu wamefanya kazi kiasi gani pasipo kumdai.

Kupandisha toleo maana yake ni kuchukua skripti hiyohiyo na kuipa chanzo kipya. Katika hali nzuri unabadilisha mstari mmoja, namba ya toleo. Hali nzuri hutokea mara chache. Kwanza viraka vinagoma. Kiraka kimeshonwa kwa kitambaa cha zamani, mstari wa 212 leo uko wa 240, kinashindwa kushika. Hapo unasoma kimoja kimoja. Kingine kinahitaji kusogezwa tu. Kingine hakina kazi tena kwa sababu wenye programu walishakubali rekebisho hilo na kuliingiza kwao, unakitoa. Kingine unakaa nacho na kikombe cha chai unajiuliza huyu aliandika hiki kwa sababu gani, unarudi kwenye changelog unakuta sababu, ya mwaka juzi kumi. Pili, skripti ina orodha ya mafaili yanayotakiwa kuwekwa kwenye kila kifurushi. Toleo jipya limefuta moja au limelibadilisha jina, basi ufungashaji unasimama katikati na kusema sioni kitu fulani. Watu wengi hukasirika hapo. Mimi nasema hapo ndipo skripti inapokulinda: inakataa kufunga mzigo pungufu kisha kuandika kwenye risiti kwamba umekamilika.

Jambo la tatu ndilo linalowashinda vijana wengi hodari. Usifunge kifurushi cha Debian 12 ndani ya mashine yako ya kisasa. Kitafungwa vizuri, kitapendeza, halafu kikifika Tanga kitadai maktaba mpya za mfumo ambazo mashine ya dada haina, na daftari litakikataa mlangoni. Unatengeneza chumba kisafi ndani ya kompyuta yako, chenye Debian 12 tupu, unafungia humo. Kuna zana za kazi hiyo, sbuild na pbuilder, na zina faida ya pili: kama skripti imesahau kutaja kitu inachohitaji, chumba tupu kitakuumbua mapema, kabla mteja hajafika.

Halafu namba. Hapa naomba mnivumilie maana ndipo ninapopapenda. Debian wana alama moja ndogo, ile ya wimbi, ~, ambayo kwenye kupanga matoleo maana yake ni "chini ya". Kifurushi nilichofunga nimekiita 3.23.12+dfsg0-1~nyumbani1. Mashine ikilinganisha, inakiona ni kikubwa kuliko 3.22.10, kwa hiyo inakipokea. Lakini siku Debian wenyewe wakitoa 3.23.12+dfsg0-1 yao, bila wimbi, mashine itaiona hiyo ni kubwa kuliko yangu, itaniondoa bila ugomvi na kuweka ya kwao. Ni kama mlinzi wa muda anayekaa kitini mpaka mwenye zamu afike. Programu ya fundi haijui kusimama kitini, ikishaingia imeingia.

Na kwa nini nimpishe Debian? Hapa mjini kuna mtaa wa masonara, Jewellery Quarter, na ndani yake kuna ofisi ya kupima dhahabu na fedha iliyoanzishwa mwaka 1773. Kwa sheria ya Uingereza, pete ya dhahabu inayozidi gramu moja haiuzwi kama dhahabu mpaka ipimwe na kugongwa alama. Alama za lazima ni tatu: ya aliyeileta, ya usafi wa dhahabu yenyewe, na ya ofisi iliyopima. Ofisi ya Birmingham alama yake ni nanga, ingawa mji huu uko mbali na bahari. Sonara anaweza kuwa mwaminifu sana, lakini alama yake peke yake haitoshi, anahitajika mtu wa pili aliyepima. Vifurushi vya Debian vinakuja na saini ya ufunguo wao, mashine inaikagua kabla ya kufungua chochote. Kifurushi changu kina saini yangu mimi tu, na mashine ya dada inaijua kwa sababu nilimwekea ufunguo wangu kabla haijaondoka huku. Kina alama ya fundi, hakina nanga. Kwa hiyo chenye nanga kikija, changu kiondoke.

Kuna wanaosema mbona najisumbua na kifurushi kimoja, si ningebadilisha mfumo mzima niweke ule unaoleta kila kitu kipya kila siku. Wanaosema hivyo wengi ni wa rika langu, na nawajibu kwa mfano wa hapa hapa. Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilikuwa na mfumo wa SAP tangu 1999. Aprili 2022 ikahamia Oracle. Bajeti ilianzia kwenye paundi milioni 19, na kufikia 2023 hesabu iliyokuwa ikitajwa ni karibu milioni 100, huku mfumo ukishindwa hata kulinganisha vitabu na taarifa za benki sawasawa. Tarehe 5 Septemba 2023 halmashauri ikatoa ilani ya kifungu cha 114, ambayo kwa Kiswahili cha kijiweni ni kukiri mfuko umetoboka, na Aprili 2024 kodi ya halmashauri kwa wakazi ikapandishwa kwa asilimia 9.99. Tuwe wakweli, mzigo mkubwa zaidi ulikuwa madai ya mishahara sawa kwa wanawake. Lakini mfumo nao ulitajwa miongoni mwa matatizo. Mtu anaweza kunigeuzia kibao: tatizo mojawapo lililotajwa ni kwamba waliukatakata mfumo ule ufanane na mazoea yao, na wewe si unakatakata HPLIP? Nakata, ndiyo. Nakata kifurushi kimoja, kukata kwangu kumeandikwa kwenye changelog, na kwa amri moja dada anarudi kwenye 3.22.10 kabla chai haijapoa. Tofauti iko hapo.

Msinielewe vibaya mkadhani nasema toleo jipya ni zuri siku zote. Kuna siku uzee wa Debian uliwaokoa watu. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye seva yake kwa ssh kunachelewa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Mtu mwingine angeendelea na kazi. Yeye akachimba, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu kwamba xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kwenye kila Linux, imetiwa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeutia alikuwa amejijengea imani kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Debian waliokuwa kwenye tawi la majaribio waliupata. Waliokuwa kwenye toleo tulivu, kama lile la laptopu ya dada, hawakuguswa.

Kilichonikosesha usingizi mimi ni namna sumu ile ilivyofanya kazi. Haikuwa wazi kwenye hazina ya chanzo ambako watu husoma. Sehemu ya kuiwasha iliwekwa kwenye furushi la kushusha tu, ndani ya maandishi ya ujenzi. Na ilipowashwa, ilitazama kwanza kama inajengwa kwa ajili ya kifurushi, yaani ilitafuta lile faili la debian/rules au dalili za wenzao wanaofunga RPM. Ilikuwa inamsubiri mfungashaji! Na kuna mtu aliyewaandikia Debian kuwahimiza wapandishe toleo la xz liwe 5.6.1, tena haraka. Kwa hiyo anayebadilisha namba kwenye skripti bila kusoma kilichobadilika kati ya toleo na toleo, yeye naye ni konda, ila amevaa sare ya ofisi. Siku hizi nikipandisha kitu, nalinganisha furushi la kushusha na hazina ya chanzo, na kama hakuna sababu ya kueleweka ya kupandisha, sipandishi. Printa isiyotambulika ni sababu. "Toleo jipya limetoka" si sababu. Binamu, hii ni yako.

Neno la mwisho kwa fundi, na hili ni la kwetu zaidi. Njia ya konda ikifanikiwa, imemsaidia mtu mmoja. Skripti iliyorekebishwa unaweza kuirudisha ilikotoka, na mimi viraka vyangu vya HPLIP nimewapelekea Debian, wavichukue au wavikatae. Havitaingia Debian 12, mlango wake umefungwa, lakini vinaweza kumpunguzia kazi anayefunga matoleo yajayo. Wakubwa mtakumbuka mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili, tukatamba nayo wee. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini ilitoka kama chombo kinachojitegemea, na chombo kinachojitegemea kinataka mtu wa kukisukuma kila OpenOffice inapobadilika. Leo ni historia. Sasa itazame kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, ile sw_TZ. Imo ndani ya mkusanyiko wa kamusi wa LibreOffice, na Debian wanaifunga kwa jina la hunspell-sw. Toleo jipya likitoka nayo inafungwa pamoja na za Kifaransa na Kijerumani, bila mtu wa Dar au Nairobi kuamka usiku. Dada anaitumia kila siku kusahihisha barua za watu na hajui hata kama ipo.

Basi dada, kifurushi nimeshakiweka kwenye ghala langu dogo, mashine itakichukua yenyewe ukibonyeza kusasisha kama ulivyozoea, na bando halitaisha kwa ajili yake. Ukimaliza chomoa waya wa printa, hesabu mpaka kumi, chomeka tena. Skana nayo uijaribu mbele ya mteja mmoja mvumilivu kabla ya wiki ya fomu, kisha unipigie baada ya saa mbili usiku ya huko, nitakuwa nimetoka kazini. Na fundi akipita na flashi yake, mpe chai, ila flashi aibakize mfukoni.